Mgombea Mwenye Jina na Jirani Tusiyemjua

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya umepangiwa tarehe 10 Agosti 2027, kwa kuwa Katiba ya 2010 inataka kura ipigwe Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Kila msimu wa namna hii unapokaribia, majina ya wanamuziki, wachekeshaji, watangazaji wa redio na watu wenye wafuasi wengi mitandaoni huanza kutajwa katika maeneobunge mbalimbali, na mjadala hugawanyika katika kambi zile zile mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba watu hawa ni wababaishaji wanaotafuta mshahara baada ya kazi zao kupoa. Kambi ya pili hujibu kwamba wanasiasa wa kawaida wametuangusha tangu uhuru, kwa hiyo hakuna ubaya wa kumjaribu kijana ambaye angalau amewahi kutufurahisha. Mimi ni mpiga kura wa Nyali, hapa Mombasa, na naona kwamba kambi zote mbili humtazama mgombea kwa bidii mno, zikawasahau wenye kadi za kura, yaani mimi na wewe. Naamini kwamba umaarufu hushinda uchaguzi kwa urahisi zaidi pale ambapo wananchi hawajuani kwa kazi za umma, na kwamba hali hiyo kwa sehemu kubwa tumeileta wenyewe kwa kutoonekana mahali ambapo kazi hizo hufanyika.

Nianze na Nyali, kwa sababu ndiko ninakopigia kura. Eneobunge letu lilichagua mbunge wake wa kwanza mwaka 2013, baada ya kumegwa kutoka Kisauni, na lina wadi tano: Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Ndani ya wadi hizo mna majumba ya kifahari yanayotazama bahari na mna vyumba vya kupanga ambavyo wakazi wake hununua maji kwa mtungi, kwa hiyo si kazi nyepesi kumpata mtu mmoja anayejulikana kotekote. Mwaka 2017 alipatikana. Mohamed Ali, mwanahabari wa upekuzi aliyejijengea jina kupitia kipindi cha Jicho Pevu katika runinga ya KTN, aliwania ubunge akiwa mgombea huru na akashinda, katika mji ambao chama cha ODM kilikuwa na nguvu kubwa. Mwaka 2022 alichaguliwa tena, safari hiyo kwa tiketi ya chama cha UDA. Utendaji wake bungeni ni jambo la kupimwa kwa kumbukumbu za Bunge, nami sikusudii kuupima hapa. Niseme tu, kwa haki yake, kwamba jina lake lilitokana na kazi ya kuwahoji wenye mamlaka, na mpiga kura aliyemchagua kwa sababu hiyo alikuwa na hoja ya maana.

Ninachokumbuka zaidi ni jinsi tulivyokuwa tukiamua foleni ya kupiga kura ilipokuwa ikisogea. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu, mfanyabiashara wa sokoni, alieleza bila kificho kwamba katika orodha nzima ya wagombea wa ubunge alimjua mmoja tu, naye ni yule wa televisheni. "Wale wengine nitawajulia wapi?" aliuliza, na hapakuwa na mtu wa kumjibu. Sikuona ujinga wowote katika kauli yake. Alikuwa na karatasi sita za kupigia kura mbele yake, kama sisi sote: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi mzigo wa mboga hana muda wa kuchunguza maisha ya makumi ya watu waliopigwa picha wakitabasamu. Hutegemea wanaojua wamwambie, na pasipo na wanaojua, humwendea yule ambaye sura yake ameizoea.

Hapo ndipo umaarufu unapopata thamani yake ya kisiasa, na ni thamani inayohesabika kwa shilingi. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa mwaka 2013 ili kuweka mipaka ya fedha ambazo mgombea anaweza kutumia, lakini hadi sasa hakuna uchaguzi mkuu ulioendeshwa chini ya mipaka hiyo. Kwa hiyo mgombea anayeanza bila jina hulazimika kulinunua kwa mabango, fulana, leso, magari ya vipaza sauti, vijana wa kubandika picha ukutani, nauli za wafuasi, na zile noti zinazopita mkononi mkutano unapokwisha. Mwanamuziki aliyekwishasikika katika kila matatu amelipia sehemu kubwa ya gharama hiyo kabla hajachukua fomu. Vyama vinalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Vikiona eneobunge ambalo havina mtu, humtafuta msanii, na vikipata maslahi mengine, humwomba akae kando. Mwaka 2022 chama cha Jubilee kilimpa mwimbaji Bahati tiketi ya ubunge wa Mathare, kisha kikamtaka ajiondoe ili kumwachia nafasi Anthony Oluoch wa ODM, chama kilichokuwa mshirika wake katika muungano wa Azimio. Bahati alikataa na akabaki debeni, na Oluoch akashinda. Katika mvutano wote huo, uliojadiliwa kwa siku nyingi, wakazi wa Mathare walizungumziwa kama hesabu ya kura tu.

Siamini kwamba kuna sababu ya kuwafungia mlango watu maarufu. Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia mtu mzima haki ya kuwania wadhifa wa umma, na hakikumtenga mchekeshaji wala mwanariadha. Tena watu hawa hawafanani. John Kiarie, tuliyemfahamu kwa uchekeshaji wa kundi la Redykyulass, aliwania Dagoretti mwaka 2007 akashindwa, akarudi 2013 akashindwa tena, na akaingia bungeni mwaka 2017 kwa Dagoretti Kusini. Miaka kumi ya kubisha hodi ni ushahidi kwamba jina peke yake halikumtosha. Wesley Korir alishinda mbio za Boston mwaka 2012, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mbunge wa Cherangany akiwa mgombea huru. Phelix Odiwuor, anayejulikana zaidi kama Jalang'o, alitoka kwenye maikrofoni ya redio akapata ubunge wa Lang'ata mwaka 2022. Ukiwaweka watu hawa watatu katika fungu moja kwa sababu tu wote waliwahi kushangiliwa, utakuwa umeacha kuwapima.

Charles Njagua Kanyi, yaani Jaguar, anastahili kutajwa peke yake kwa sababu kisa chake kinaonyesha hatari ambayo ni lazima tuikubali. Alichaguliwa kuwa mbunge wa Starehe mwaka 2017 akiwa miongoni mwa wanamuziki waliopendwa sana nchini. Juni 2019 alirekodiwa akitishia kwamba wafanyabiashara wa kigeni jijini Nairobi, wakiwemo Watanzania na Waganda, wangefukuzwa kwa nguvu wasipoondolewa. Alikamatwa, serikali ya Kenya ikajitenga na matamshi yake, na Bunge la Tanzania likalijadili suala hilo. Huku Pwani, ambako biashara na ndoa huvuka mpaka wetu na Tanzania, pale Lungalunga na Horohoro, kila siku, maneno yale yalitutia hofu ya kweli. Msanii jukwaani hutafuta mwitikio wa waliosimama mbele yake, na hana sababu ya kumfikiria asiyekuwapo. Mbunge anasikika mahali asipokuwapo, na kauli yake hubeba uzito wa dola hata kama amezungumza kandokando ya barabara. Lakini tukumbuke pia kwamba wapo wabunge wengi wasiowahi kuimba hata ubeti mmoja ambao wamezungumza vibaya zaidi, hasa wakati wa uchaguzi na ghasia za mwaka 2007 na 2008, na tuliwachagua tena.

Mfano wa nje ya mipaka yetu unafaa kwa jambo moja tu. George Weah, mwanasoka aliyetwaa tuzo ya Ballon d'Or mwaka 1995, aliwania urais wa Liberia mwaka 2005 akashindwa na Ellen Johnson Sirleaf, akapata useneta mwaka 2014, akachaguliwa kuwa rais katika duru ya pili ya uchaguzi Desemba 2017. Novemba 2023 wananchi wale wale walimwondoa kwa kura chache wakamchagua Joseph Boakai, naye Weah akampigia simu mshindani wake kumpongeza kabla matokeo yote hayajatangazwa. Waliberia walimpandisha mtu waliyempenda, wakamtazama kwa miaka sita, kisha wakaamua upya. Uwezo huo wa kuamua upya ndio unaonishughulisha, kwa sababu hautokei wenyewe siku ya kura.

Tatizo letu la kwanza ni kwamba wengi wetu hatujui mbunge ameajiriwa kufanya nini. Kifungu cha 95 cha Katiba kinasema kwamba Bunge la Taifa huwakilisha wananchi wa maeneobunge, hutunga sheria, huamua mgao wa mapato ya taifa na husimamia matumizi yake, na huchunguza mwenendo wa maafisa wa serikali. Jedwali la Nne la Katiba nalo limegawa kazi baina ya serikali ya kitaifa na kaunti. Zahanati na hospitali za kaunti, chekechea, masoko, barabara za kaunti na usambazaji wa maji ni kazi za kaunti. Shule za msingi na za sekondari, polisi na barabara kuu ni kazi za serikali ya kitaifa. Sasa mgombea ubunge anapopanda jukwaani Kongowea na kuahidi kutujengea zahanati, ama hajui kazi anayoomba, ama anajua na ameamua kututumia. Sisi tunapiga makofi katika hali zote mbili. Mgombea maarufu ndiye anayefaidika zaidi na kutojua kwetu, kwa maana hakuna anayemtarajia ajue, lakini mwanasiasa mkongwe hutoa ahadi hiyo hiyo akijua fika kwamba hapana atakayemuuliza fedha zitatoka katika fungu gani.

Niliwahi kuhudhuria kikao kimoja cha ushirikishaji wa umma kuhusu makadirio ya bajeti, katika ukumbi wa shule, siku ya kazi, mwendo wa saa nne asubuhi. Viti vya plastiki vilipangwa kwa safu, na zaidi ya nusu vilikuwa vitupu. Mlangoni palikuwa na fomu ya kuandika jina, nambari ya simu na sahihi, na baadhi ya waliokuja walitaka kwanza kujua kama kutakuwa na nauli. Waraka wenyewe ulikuwa mnene, umeandikwa kwa Kiingereza, na nakala tulizopewa zilikuwa chache mno. Afisa alisoma jumla ya kila idara, akashukuru, akauliza kama kuna maoni. Wengi walisimama kuomba ajira kwa vijana na taa za barabarani, mambo ya maana kabisa, lakini hawakuyaunganisha na ukurasa wowote.

Kisha akasimama mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga. Alifungua mkoba wake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ukurasa wa bajeti ya mwaka uliotangulia, na mstari mmoja ameupigia kalamu nyekundu. Ulikuwa mstari wa fedha za kujenga mtaro wa maji machafu kando ya soko. Alieleza kwa utulivu kwamba mradi ule uliidhinishwa, kwamba mwaka umekwisha bila jembe kupigwa ardhini, na kwamba anauona tena katika waraka mpya kwa jina lile lile na kiasi kikubwa zaidi. Aliomba aambiwe fedha za kwanza zilikwenda wapi na kwa nini gharama imepanda. Afisa alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena, akamwita mwenzake. Ukumbi ulikuwa umenyamaza. Mwishowe ikakubaliwa kwamba swali lake liandikwe katika kumbukumbu na kujibiwa kwa maandishi, na watu waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi kuketi.

Nimemfikiria sana mama yule. Anajua jinsi bajeti inavyosomwa, amethubutu kuuliza mbele ya wakubwa, amefuatilia jambo moja kwa mwaka mzima bila kulipwa, na ameuliza kwa adabu iliyomlazimisha afisa kujibu. Sidhani kuna chama chochote kitakachoandika sifa bora zaidi za mwakilishi wadi. Lakini akichukua fomu kesho na kupambana na mtangazaji yeyote wa redio ya hapa mjini, atashindwa vibaya, kwa sababu waliomwona akifanya kazi ile ni watu wachache waliokuwa ukumbini. Maelfu waliostahili kumjua walikuwa kwingine, na baadhi yao walikuwa na udhuru wa haki, lakini wengi hawakuwa nao. Uwanja unaojaa watu siku ya mkutano wa kampeni, msanii anapoimba na magari kupiga honi, unakuwa umejazwa na majirani wa mama huyo. Tukisema kwamba hatuna viongozi isipokuwa watu maarufu, tunawazungumzia watu ambao hatukwenda kuwaona.

Kalenda ya mambo haya haifichwi na mtu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayekwenda kulalamika mwezi wa Julai amechelewa, na anayekwenda Agosti ya mwaka wa uchaguzi kwa kufuata muziki amechelewa zaidi. Najua kuna hoja kwamba vikao hivi ni vya kutimiza masharti tu na kwamba maamuzi huwa yamekwishafanywa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na nimeona kwa macho yangu vikao vinavyoharakishwa. Hata hivyo, kikao kinachoharakishwa mbele ya watu ishirini huwa kigumu kuharakishwa mbele ya mia mbili, na mahakama zetu zimewahi kubatilisha sheria nzima kwa sababu umma haukushirikishwa inavyotakikana.

Kuna chombo kingine ambacho wasomaji wengi wa Kiswahili hawakitumii kwa kudhani kwamba ni cha mawakili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia kuandika barua kuomba taarifa kutoka ofisi yoyote ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila kulazimika kueleza sababu, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, raia anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Wazazi wa shule moja ya msingi, nami nikiwa miongoni mwao, tuliandika barua ya ukurasa mmoja kuuliza gharama ya madarasa mawili yaliyojengwa kwa fedha za NG-CDF, yaani hazina ya serikali ya kitaifa ya kuendeleza maeneobunge, jina la mwanakandarasi, na orodha ya kazi alizolipwa kufanya. Majibu yalikuja. Tulipoyasoma uwanjani huku tukiyatazama madarasa, tuligundua kwamba mwanakandarasi alilipwa kuweka mabomba ya kukingia maji ya mvua kutoka paani, na hayakuwapo. Barua ya pili iliandikwa, na mafundi wakarudi na ngazi. Jambo lenyewe ni dogo, lakini hakuna mbunge, awe maarufu au asiwe, aliyehitajika kutufanyia.

Hazina hiyo ya maeneobunge inafaa kuangaliwa kwa sababu ndiyo inayowafanya wapiga kura wengi wamwone mbunge kama mfadhili. Ilianzishwa mwaka 2003, na chini ya sheria ya 2015 inatengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa mapato ya serikali ya kitaifa. Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba, na vyovyote hatima yake itakavyokuwa, mazoea iliyoyajenga yatadumu kwa muda mrefu. Basari ni haki ya mwanafunzi anayehitaji, inayotokana na kodi ya mama wa samaki na ya mpangaji wa Ziwa la Ng'ombe, lakini tunaipokea kwa hafla, kwa picha na kwa nyimbo za kumsifu mheshimiwa. Mtu aliyezoea jukwaa hung'ara sana katika hafla za namna hiyo. Sheria hiyo hiyo iliitaka kamati ya eneobunge kuitisha mikutano ya wazi katika kila wadi ndani ya mwaka wa kwanza wa Bunge jipya, na baadaye angalau mara moja kila miaka miwili. Ningependa kila msomaji ajiulize kama amewahi kuuhudhuria mmoja, au kuuliza kwa nini haukuitishwa.

Juni 2024 ilituonyesha kwamba uwezo tunao. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha, ule wa kodi, kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, wakaeleza maana yake kwa video fupi ambazo hata wazee wetu walizitazama, na wakawapigia wabunge simu kuwauliza watapiga kura upande gani. Mswada ulipopitishwa Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, orodha ya waliouunga mkono ilisambaa simuni kabla ya jua kutua. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Gharama yake ilikuwa nzito mno, kwa maana wapo waliouawa kwa risasi katika maandamano ya kuupinga, na familia zao bado zinadai haki. Kila anayetaja mwezi ule hana budi kuwataja. Katika siku zile sikusikia mtu akiuliza kama mbunge wake alikuwa mchekeshaji au wakili. Kila mmoja aliulizwa alipigaje kura, na sijaona kipimo cha haki zaidi ya hicho. Masikitiko yangu ni kwamba tumekitumia kwa mswada mmoja, ilhali Bunge hupiga kura mwaka mzima na kumbukumbu zake rasmi zinasomeka na mtu yeyote mwenye intaneti.

Wapo wanaotegemea kifungu cha 104 cha Katiba, kinachowapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kwisha. Haki hiyo imeandikwa, lakini masharti yaliyowekwa na Sheria ya Uchaguzi yalikuwa magumu kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu iliyabatilisha baadhi yake, na tangu 2010 hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo. Kwa hiyo mtu tuliyemchagua kwa sababu ya wimbo tutakaa naye miaka mitano. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi humpokea mheshimiwa kwa shangwe na kumwacha katika ugeni huo hadi uchaguzi mwingine.

Narudi kwa suala la kujuana, kwa kuwa ndilo ninaloweza kulifanyia kazi mimi mwenyewe. Katiba inamtaka mgombea huru wa ubunge aungwe mkono na wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua 1,000 katika eneobunge lake, na mgombea huru wa uwakilishi wadi wasiopungua 500 katika wadi yake, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Katika eneobunge lenye wadi tano kama letu, hao 1,000 ni watu 200 kwa kila wadi. Idadi hiyo haihitaji bango wala helikopta. Inahitaji watu waliokwishamwona mwenzao akisoma bajeti, akisimamia kamati ya shule, akipatanisha majirani waliogombania mpaka, akirudisha hesabu ya michango ya mazishi hadi shilingi ya mwisho. Kazi hizo hufanyika kila wiki katika mitaa yetu, na anayezifanya mara nyingi hata hafikirii siasa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachokifanya ndicho kinachoitwa uongozi.

Baadhi yetu tumekubaliana kuanza kabla kampeni hazijapamba moto. Kila baada ya kikao cha bajeti, anayehudhuria ataandika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi kueleza kilichoidhinishwa kwa wadi yake, nao utabandikwa mahali ambapo watu husimama, yaani kwenye duka la dawa, kwenye kituo cha bodaboda na mlangoni pa msikiti na kanisa. Majina ya waliouliza maswali yataandikwa pamoja na maswali yenyewe, iwapo wataridhia, ili yule bibi wa foleni apate pa kuwajulia. Watia nia nao wataalikwa wakutane na wakazi bila muziki na bila bahasha. Watapewa bajeti ya wadi wanayosimama, wataombwa watofautishe kazi ya mbunge na kazi ya gavana, na wataeleza wangepigaje kura kuhusu mswada uliopo bungeni wakati huo na kwa sababu gani. Msanii akija atapewa kiti na dakika sawa na mama wa samaki, na wote wawili watajibu maswali yale yale.